Bi Kafedha na Mji wa Wanaoruka

Pale Likoni, ukishuka feri ukawapita wauza machungwa, kulikuwa na chumba kimoja kilichofanya kazi tatu. Mlangoni, mashine ya fotokopi na kijana wa kuiendesha. Katikati, meza ya taipu. Nyuma ya pazia la buluu, mimi, Mbwana, na kamera yangu ya picha za pasipoti. Chumba kilikuwa cha Bi Dhahabu, ambaye hatukumwona ila mara moja kwa wiki, na siku zote alichagua saa ambayo sisi wote tumekaa bure.

Watu wa pale wakimkumbuka Bi Kafedha, karani wa taipu, humkumbuka kwa jambo moja tu: kwamba mwaka wa tisini na tisa, akiwa na miaka arubaini na minane na mgongo mbovu, alijifunza kuruka juu ya majumba ndani ya kompyuta. Husimulia wakicheka. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na kicheko hicho huniudhi, maana wanasimulia nusu.

Alikuwa mtu wa Ganze. Alikuja Mombasa mwaka wa sabini na moja kujifunza taipu, akidhani atakaa kwenye ofisi yenye zulia. Akaolewa na mtu wa kiwanda cha saruji huko Bamburi, akazaa watatu, akazika mume, akasomesha wale watatu, na muda wote huo vidole vyake vilikuwa vikigonga. Barua za kuomba kazi za watu ambao hawakupata kazi. Viapo vya vitambulisho vilivyopotea. Malalamiko ya mashamba kwa wakubwa ambao hawakujibu. Adhuhuri alikuwa akiegemeza paji la uso juu ya mashine kwa dakika kama mbili, halafu anaendelea. Mara ya kwanza nilipomwona hivyo nilimwuliza kama anaumwa.

"Siumwi, kaka Mbwana," akanijibu. "Nimechoka tu. Nimechoka tangu themanini na mbili."

Sikumwuliza themanini na mbili kulikuwa na nini. Kila mtu ana mwaka wake.

Basi mwezi wa tatu mwaka huo Bi Dhahabu akaleta kompyuta, na waya wa simu, na fundi wa kuviunganisha aliyeitwa Dishon, mtu wa bara, suruali pana, maneno mengi. Bi Dhahabu akamwambia Bi Kafedha kwa upole sana kwamba mashine ya taipu itauzwa mwisho wa mwaka, na kwamba atakayeijua kompyuta atakaa nayo. Hakusema asiyeijua atakwenda wapi. Upole wa matajiri huishia palepale penye jambo lenyewe.

Bi Kafedha aliichukia mashine ile. Aligonga vitufe kwa nguvu alizozoea, kioo kikatetemeka. Kila akifika mwisho wa mstari mkono wake wa kushoto uliruka wenyewe kusukuma chuma cha kurudisha karatasi, chuma ambacho hakikuwepo, na mara mbili katika wiki ya kwanza ulipiga kikombe cha chai kikaenda chini. Dishon alimtazama siku tatu, kisha akapata wazo.

"Mathe, wewe unaiogopa," akasema. "Hii kitu haifundishwi, inazoewa. Wacha nikuonyeshe gemu. Utacheza asubuhi kabla watu waje, vidole vitalainika vyenyewe."

"Kwanza mimi si mathe yako," akasema Bi Kafedha. "Pili, mimi ni mjane mwenye wajukuu wawili. Nitacheza na nani?"

"Na dunia yote," akasema Dishon.

Alieleza, nami nikafunua pazia nisikie. Kulikuwa na mji, akasema, uliokaa ndani ya kompyuta moja huko ng'ambo, na watu wa kila nchi huingia humo kwa waya wa simu, saa ile ile, wakakutana. Kila anayeingia ni shujaa mwenye uwezo usio wa kawaida. Mmoja anaruka, mmoja anatoa moto, mmoja hapigiki na risasi. Wanapigana na wahalifu na majitu. Nikauliza picha zake ziko wapi. Dishon akasema hakuna picha, ni maneno matupu yanayopanda kwenye kioo. Nilirudi nyuma ya pazia nikiwa nimevunjika moyo kidogo, kwa kuwa picha ndiyo kazi yangu.

Lakini kwa Bi Kafedha maneno yalikuwa sawa tu. Kitu cha kwanza mji ule ulichomwonyesha kilikuwa fomu, na fomu alikuwa amezijaza tangu usichana wake. Uso wake ukatulia. Ilikuwa ya Kiingereza, nami naigeuza. Jina la shujaa: akaandika Kafedha Lewa, jina kamili. Mahali pa asili: Ganze, Wilaya ya Kilifi. Uwezo usio wa kawaida: maneno sitini na tano kwa dakika, hati mkato themanini. Udhaifu: mgongo, na macho ikifika jioni. Sababu ya kuingia mjini: kutafuta uzoefu. Kisha akamgeukia Dishon akamwuliza vyeti vinaambatishwaje.

Dishon alicheka hadi akaketi. Alitaka kuifuta yote aandike kwamba ana mabawa, au mikono ya chuma.

"Nikiulizwa mbele nitasema nini?" akasema Bi Kafedha. "Acha hivyo hivyo. Fomu ya uongo hujulikana."

Akaipeleka. Na wenye mji huko ng'ambo, sijui walimwona mcheshi au walimwonea huruma, wakaipokea, wakamwandikia kwamba shujaa Kafedha Lewa wa Ganze anakaribishwa, na kwa sasa amesimama juu ya paa la benki.

Asubuhi za kwanza hakufanya chochote pale juu. Kioo kiliandika kwamba upande wa kaskazini kuna mtaa, upande wa mashariki kuna moshi, na kwamba jitu la chuma limetokea. Yeye akasoma yote, pamoja na alama za mkato, akaanza kulijibu jitu kwa salamu, hujambo bwana, na kabla hajamaliza kioo kikaandika kwamba amekufa. Alikaa akitazama neno lile. Chini yake kulikuwa na maelezo kwamba abonyeze kitufe kirefu ili aendelee.

"Nimekufa kisha naendelea na nini?" akaniuliza.

"Na kazi," nikamwambia.

"Basi ni kama huku."

Akabonyeza. Akajikuta hospitalini, mzima, bila foleni wala kadi.

Mambo yalibadilika alipogundua siri ya mji ule, nayo ilikuwa ndogo sana. Kila pigo, kila mruko, ilikuwa lazima uliandike. Mwenye mabawa hakuruka mpaka aandike kwamba anaruka. Mwenye moto hakuwaka mpaka aandike kwamba anawaka. Na vijana wale wa ng'ambo, kwa mabavu yao yote, walikuwa wakigonga kwa vidole viwili, wakikosea, wakifuta. Bi Kafedha alikuwa ameandika mapigo matatu na nukta zake kabla mwenzake hajamaliza neno moja. Mwezi wa tano ulipoingia walikuwa wakimwogopa. Niliona kwa macho yangu mtu aliyejiita Radi akiuliza huyu mama wa Ganze ni nani, na mwingine akamjibu, kaa mbali naye.

Ungetegemea afurahi. Alikuwa akinieleza habari za mji ule saa ya chai kwa sauti ya mtu aliyetoka kazini kwingine. "Kaka Mbwana, hauna jiko ule mji. Nimezunguka siku tatu. Hakuna anayepika, hakuna anayefagia. Wanavunja daraja asubuhi, kesho lipo. Nani kalijenga, hakuna anayeuliza." Siku nyingine akasema, "Hawaketi. Nimetafuta neno la kuketi, nikaliandika, kioo kikanijibu hakifahamu." Lile lilimkera kuliko majitu. Mji mzima wa watu wenye nguvu, na hakuna hata benchi.

Lakini vidole vililainika kweli. Mkono wa kushoto ukaacha kuruka. Barua za watu zikaanza kutoka kwenye kompyuta, safi, na Bi Dhahabu akaacha kusema habari za mwisho wa mwaka. Mchezo ungeweza kukoma pale, nao watu wangekuwa na haki ya kucheka.

Siku moja, saa nne asubuhi, alikuwa amepigwa na majitu mawili kwa pamoja huko mtaa wa moshi. Mgongo ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Badala ya kuandika pigo, akaandika kwa Kiswahili, kwa mji mzima, bila kukusudia kusomwa na mtu: Mungu wangu, nimechoka.

Yale maneno ya Kiingereza yaliendelea kupanda. Kisha katikati yake ukaja mstari mmoja.

*Pole, dada. Umechoka na nini?*

Bi Kafedha aliniita kwa jina langu tupu, bila kaka, na hilo halikuwa kawaida yake. Nilipofika alikuwa ameshaondoa mikono kwenye vitufe. Aliyeandika alijiita Mlinzi. Alikuwa shujaa wa kawaida, asiyepigana sana, tulikuwa tumeliona jina lake likisimama pembeni mwa mambo. Bi Kafedha akamwuliza yeye ni mtu wa wapi. Akajibu yuko Marekani, analinda ghala, kwao ni saa tisa ya usiku, mchezo humweka macho. Akauliza dada yuko wapi. Bi Kafedha akaandika: Likoni.

Kwa muda hakuna kilichokuja. Nilidhani simu imekatika, jinsi ilivyozoea. Kisha akaandika.

*Likoni ya feri au ya Mtongwe?*

Aliitwa Ishaka. Alikuwa wa Mtongwe. Mwaka wa themanini na nane, akiwa na miaka kumi na tisa, alimwambia mamake anakwenda Kipevu, bandarini, kutafuta kibarua, akaingia kwenye shimo la meli akajificha, akashuka nchi asiyoijua jina. Hakuaga. Mwanzo hakuandika kwa woga wa kukamatwa, baadaye hakuandika kwa aibu, na aibu ikikaa miaka kumi na moja huwa nzito kuibeba. Haya aliyaeleza kidogo kidogo, asubuhi baada ya asubuhi, akiwa amesimama na Bi Kafedha juu ya lile paa la benki, huku wengine wakirukaruka kuwazunguka. Mwishowe akasema anachotaka. Mamake anaitwa Bi Mwanatatu, nyumba ya tatu baada ya msikiti, alikuwa akipika mahamri. Dada amtazamie kama yu hai. Kama yu hai, amfikishie kwamba mwanawe anataka radhi zake.

Nyinyi mliokulia pwani hamhitaji kuelezwa radhi ni nini. Mtu anaweza kuwa na kila kitu, na kama mamake kafa bila kumridhia, wallahi hana kitu. Ishaka alikuwa akililia jambo hilo tu.

Jumapili Bi Kafedha alitoka kanisani, akaenda Mtongwe kwa miguu na mgongo wake ule. Nilimsindikiza, kwa kuwa mimi ni Mwislamu na ningejua la kusema. Nyumba ya tatu baada ya msikiti ilikuwa imefungwa kwa mnyororo. Jirani akatoka akituangalia, tukasalimiana, akatukaribisha mkekani.

"Mwamtafuta Bi Mwanatatu?" akasema. "Mmechelewa. Tulimzika mwaka jana, kabla ya Ramadhani."

Tukasema linalosemwa penye msiba. Kisha Bi Kafedha akauliza, taratibu, kama marehemu aliacha neno lolote kwa mwanawe Ishaka.

Yule jirani alifikiri. "Miaka ya mwanzo alikuwa akimtaja kila jioni. Miaka ya mwisho hakumtaja. Sijui alimsamehe, sijui alimsahau. Siwezi kusema nisilolijua."

Tukaaga, tukarudi. Karibu na feri Bi Kafedha alisimama akashika kiuno. "Nitamwandikiaje mtu hivyo?" akasema. "Kule, peke yake, saa tisa ya usiku, hana hata wa kumshika mkono?"

Na hapa ndipo naingia mimi, na sitajificha nyuma ya pazia. Nilimwambia, "Kwani hujui? Andika mgonjwa."

Ndivyo tufanyavyo. Mtu wa mbali hapelekewi kifo kwenye karatasi. Hupelekewa neno kwamba mama ni mgonjwa sana, jitahidi uje, na yeye akilisoma hukaa chini, kwa sababu anajua. Safari yote anajua. Lakini hakuna aliyemtamkia, na akifika mlangoni pana watu wa kumpokea, ndipo analia. Bi Kafedha alikuwa amepiga simu za maandishi za namna hiyo kwa mamia, za watu wa Nairobi, wa Kampala, wa Uarabuni. Zote zilisema mgonjwa. Sikumbuki hata moja iliyosema vingine.

Jumatatu saa nne Ishaka alikuwa juu ya paa akisubiri. Hakusalimu. *Mama yu hai?*

Bi Kafedha akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa kwamba aandike. Akaandika: *Mama ni mgonjwa sana. Jitahidi uje.*

Tulisubiri. Mtu mmoja mwenye moto alipita akaunguza nusu ya mtaa.

*Nimeelewa,* akaandika Ishaka. *Ahsante, dada.*

Nikapumua. Bi Kafedha naye akapumua, akaegemeza paji la uso, safari hii kwenye ukingo wa meza. Nilimwambia umeona, mtu wa kwetu ni wa kwetu, hata akae ng'ambo miaka mia. Nilijisikia mwerevu kabisa.

Toka siku hiyo Mlinzi hakuonekana tena mjini. Tulisema yuko matangani peke yake, tukamwachia nafasi. Mwezi ukapita, ikawa miezi, Bi Kafedha akawa anaingia mara moja moja, anasimama juu ya paa, anatazama nani yupo, anatoka. Hakupigana tena. Mwezi wa kumi Bi Dhahabu aliiuza mashine ya taipu kwa mtu wa Magongo, na Bi Kafedha akabaki na kazi yake.

Ishaka alikuja mwezi wa kumi na moja, saa sita mchana. Mwanamume mrefu, mvi kidogo pembeni, koti zito mkononi na begi moja. Alisimama mbele ya fotokopi akauliza kwa Kiswahili kilichokakamaa kidogo kama mlango wa nyumba isiyokaliwa, "Bi Kafedha ni nani?"

Bi Kafedha alisimama. Sijui alimjuaje, lakini alimjua.

"Shikamoo," akasema Ishaka.

"Marahaba, mwanangu."

"Natoka Mtongwe sasa hivi. Nimekuta mnyororo." Aliweka begi chini. "Jirani aniambia mlikwenda kwake. Wewe na mwanamume. Kabla hujaniandikia."

"Tulikwenda."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua," akasema Bi Kafedha. "Nilidhani umeelewa. Uliniandikia umeelewa."

"Nilielewa ni mgonjwa. Ndivyo ulivyoandika." Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Niliondoka hapa nina miaka kumi na tisa. Hakuna aliyewahi kuniletea habari ya msiba. Kule mtu akiandika mgonjwa, ni mgonjwa. Nilisema mgonjwa bado anaweza kusema. Nikasema nitamkuta."

Nikatoka nyuma ya pazia. Nikamwambia mimi ndiye niliyesema aandikiwe hivyo.

Alinitazama. "Wewe ni nani?"

"Mpiga picha."

Bi Kafedha akamvutia kiti cha wateja, akamtuma kijana wa fotokopi kuleta maji. Kisha Ishaka akaeleza alivyokuja. Mtu asiye na karatasi hawezi kununua tiketi akapanda ndege tu. Alihangaika miezi, mwisho akajipeleka mwenyewe kwa watu wa uhamiaji, akawaambia mimi si wa hapa, nirudisheni kwetu, mama anaumwa. Wakamwandikia karatasi. Ilikuwa karatasi ya kutoka. Ya kurudi haipo, na jina lake limewekwa mahali ambapo halitafutika.

"Si neno, umerudi kwenu," nikasema, nikijaribu.

"Nina mtoto kule," akasema Ishaka.

Msichana wa miaka tisa. Alimpa jina la mamake, Mwanatatu. Anaishi na mama yake, ambaye hataki kusikia sauti ya Ishaka kwenye simu tangu siku aliyoondoka. Lakini yule mtoto alikuwa amejifunza mchezo magotini pa babake, ana shujaa wake mdogo, na kila siku kabla ya shule huingia mjini robo saa. Kule saa moja asubuhi, huku saa tisa mchana.

"Nilimwambia naenda kumtazama bibi," akasema Ishaka. "Nikamwambia nitarudi baada ya wiki mbili. Nilijua sirudi. Sikuweza kumwambia." Aliitazama kompyuta. "Ile inafanya kazi?"

Kuanzia saa sita mpaka saa tisa hatukupokea mteja. Hakula. Bi Kafedha alimpa kiti chake chenye mto, yeye akakaa kile cha wateja kisicho na egemeo, mgongo wazi. Saa tisa kasoro dakika chache simu ikalia mlio wake, mji ukafunguka, Ishaka akaandika kwamba yuko juu ya paa la benki. Baadaye kidogo kioo kikaandika kwamba Mwanatatu ameruka juu ya paa la benki.

Mtoto aliandika kwa Kiingereza, polepole, herufi moja moja. *Baba, umefika? Bibi amepona?*

Ishaka alinyoosha vidole, akaandika herufi mbili akazifuta. Akajaribu tena. Akasukuma kiti nyuma.

"Siwezi," akamwambia Bi Kafedha. "Andika wewe. Mimi nitasema."

Wakabadilishana viti. Hiyo ilikuwa kazi ya maisha yake, mtu kumkalia ubavuni akasema kwa Kiswahili, naye akatoa Kiingereza bila kuinua kichwa. Nilisimama nyuma yao.

"Mwambie bibi alikufa kabla sijafika."

Akaandika.

*Pole, Baba,* ikaja. Kisha: *Basi unarudi lini?*

Ishaka alitazama mikono yake. "Mwambie siwezi kurudi."

Vidole vya Bi Kafedha vilikaa hewani. Miaka ishirini na minane sikudhani viliwahi kukaa hewani hivyo. "Niseme bado kidogo?" akauliza kwa sauti ya chini. "Niseme karatasi zinashughulikiwa? Ni mtoto, Ishaka. Yuko peke yake na kile kioo."

"Zinashughulikiwa?"

"Hapana."

"Basi andika nilivyosema."

Akaandika. Kisha, kama alivyomfanyia kila mteja kabla ya kutoa karatasi, akamsomea kwa Kiswahili alichoandika: mimi baba yako siwezi kurudi, hawataniruhusu tena, nilijua nilipoondoka na sikukwambia. Ishaka akaitikia kwa kichwa, naye Bi Kafedha akaweka kidole kwenye kitufe. Akabonyeza.

Tulisubiri sote watatu. Majitu yalikuja mtaa wa chini, mtu mmoja akawaka moto, daraja likaanguka. Kisha kioo kikaandika kwamba Mwanatatu ametoka mjini.

Ishaka alikuwa akiusoma ule mstari mpaka ulipopanda juu ukapotea.

"Atakuja kesho?" akauliza.

"Sijui," akasema Bi Kafedha.